Kettering: Aliyeondoa hendeli kwenye magari, akaacha risasi kwenye petroli

BARIDI ya Mlima Meru inaposhuka hadi Tengeru katika miezi ya Juni na Julai, mafundi umeme wa magari huamshwa mapema. Magari yaliyolala nje usiku kucha hugoma kuwaka, na siku za soko, Jumatano na Jumamosi, gari lililogoma kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi halikosi watazamaji wala washauri.

Zamani dawa yake ilijulikana na kila mtu. Vijana wanne au watano walilisukuma, dereva akaingiza gia ya pili, akaachia klachi, injini ikakohoa mara mbili tatu na safari ikaendelea.

Siku hizi wapo wenye magari ambayo dawa hiyo haiyafai. Ni magari mseto, maarufu kama haibridi, yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, na mengi huingia nchini kama mitumba kutoka Japan. Betri ikiisha chaji, gari la namna hii halisukumwi likawaka. Halina klachi ya kuachia. Hukaa kimya, taa za dashibodi zikififia kama kibatari kilichoishiwa mafuta ya taa, na mwenyewe hubaki akijiuliza imekuwaje gari lenye betri kubwa ya volti zipatazo 200 likashindwa kuwaka.

Asili ya kitendawili hicho inarudi nyuma zaidi ya miaka 100, kwenye banda moja la mjini Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, na kwa mtu aliyeitwa Charles Franklin Kettering. Ndiye aliyeweka betri, mota na kitufe mahali palipokuwa na hendeli ya chuma. Ndiye pia aliyesimamia maabara iliyotia sumu katika petroli ya dunia nzima.

Kettering alizaliwa Agosti 29, 1876 katika shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, Ohio. Nyumbani kwao waliishi kwa kilimo, na kazi za mikono alizijua tangu utotoni.

Macho yake yalikuwa mabovu. Kusoma kwa muda mrefu kulimletea maumivu makali ya kichwa, na alipokwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kusomea uhandisi wa umeme alilazimika kuacha masomo kwa sababu hiyo. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha katika shule za vijijini. Baada ya kuacha chuo aliingia kwenye kazi ya kuchimbia nguzo na kuvuta nyaya za simu, akapanda hadi kuwa msimamizi wa kikundi.

Kazi ile ya juani na shambani ilimpa nafuu ya macho, na kwa mtu wa umeme ilikuwa shule ya aina yake. Alirudi chuoni, wenzake wakawa wanamsomea vitabu kwa sauti huku yeye akisikiliza, na mwaka 1904, mwaka aliotimiza miaka 28, akahitimu. Wengi wa rika lake walikuwa wameshaanza kazi miaka mingi nyuma.

Mwaka uliofuata alimuoa Olive Williams, na wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume, Eugene. Wakati huo Kettering alikuwa ameajiriwa Dayton na kampuni ya National Cash Register, watengenezaji wa mashine za kuhesabia fedha madukani.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo lililokuja kubadili magari. Mashine za fedha za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono. Kettering alitakiwa kuzitia umeme, na kikwazo kilikuwa ukubwa wa mota: mota yenye nguvu ya kufungua droo na kuzungusha magurudumu yote yale ilionekana haiwezi kuenea ndani ya mashine.

Alichogundua ni kwamba mota ya dukani haifanyi kazi mchana kutwa. Hufanya kazi kwa sekunde chache, kisha hupumzika hadi mteja mwingine afike. Mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake wa kawaida, mradi mzigo huo ni wa muda mfupi na mota ipate nafasi ya kupoa. Mashine ya fedha ya umeme ikatoka, ikauzika.

Kufikia mwaka 1908 Kettering na baadhi ya wenzake walikuwa wakikutana jioni na siku za mapumziko katika banda la nyumba ya Edward Deeds, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo. Kazi yao ya kwanza ilikuwa mfumo bora wa kuchoma mafuta ndani ya injini kwa cheche za umeme. Mwaka 1909 walianzisha kampuni yao waliyoiita Dayton Engineering Laboratories Company, jina lililofupishwa kuwa Delco. Kampuni ya magari ya Cadillac ikawa mteja wao wa kwanza.

Hali ya dereva wa wakati huo inafaa kukumbukwa, maana wazee walioendesha malori na Land Rover za zamani hapa nchini bado wanaijua. Ili kuwasha gari mtu alisimama mbele yake, akachomeka hendeli, akaizungusha kwa nguvu zote. Injini ikiwahi kuwaka kabla ya wakati, hendeli ilirudi nyuma kwa teke. Mikono ilivunjika, vidole gumba viling'oka katika maungio, na taya zilipasuka.

Simulizi inayotajwa zaidi ni ya Byron Carter, mtengenezaji wa magari wa Michigan aliyefariki mwaka 1908. Inasimuliwa kwamba alisimama kumsaidia mwanamke ambaye gari lake lilikuwa limezimika, hendeli ikampiga usoni, na majeraha yale yakafuatiwa na nimonia iliyomuua. Wanahistoria wanatofautiana kuhusu mahali na namna ilivyotokea. Wasichobishana ni kwamba Carter alikuwa rafiki wa Henry Leland, mkuu wa Cadillac, na kwamba Leland alitaka hendeli iondoke katika magari yake.

Kulikuwa na sababu ya kibiashara pia. Gari la umeme halikuhitaji hendeli. Kati ya magari 4,192 yaliyotengenezwa Marekani mwaka 1900, magari 1,575 yalikuwa ya umeme, mengi kuliko ya petroli. Yalikuwa safi na matulivu, na yaliwashwa kwa kugeuza swichi. Hata Clara, mke wa Henry Ford, aliendesha gari la umeme wakati mumewe akijaza barabara kwa magari ya petroli.

Wataalamu wengi wa umeme waliona stata ya umeme haiwezekani. Hesabu zao zilionyesha kwamba mota ya kuzungusha injini ingepaswa kuwa kubwa karibu sawa na injini yenyewe, na betri zake zingelijaza gari. Hesabu zilikuwa sahihi kwa mota inayofanya kazi mfululizo. Kettering aliikumbuka mashine ya fedha. Injini huhitaji kuzungushwa kwa sekunde chache tu. Ikishawaka, hujizungusha yenyewe.

Februari 1911 kifaa chake kilifungwa kwenye gari la Cadillac na kikawasha injini. Aprili mwaka huohuo aliomba hataza, akaipata mwaka 1915. Cadillac za mwaka 1912 zikaingia sokoni bila kumtegemea mtu wa kuzungusha hendeli.

Jambo ambalo husahaulika, na ambalo fundi wa haibridi angelitambua mara moja, ni kwamba kifaa kile hakikuwa stata peke yake. Mota iliyozungusha injini wakati wa kuwasha ndiyo hiyohiyo iliyogeuka jenereta injini ilipokwisha kuwaka, ikarudisha umeme kwenye betri na kuwasha taa. Wakati wa kuwasha betri ziliunganishwa kwa mfuatano na kutoa volti 24. Wakati wa kuchaji ziliunganishwa sambamba kwa volti sita. Injini, mota na betri vilikuwa vikikopeshana nguvu.

Watengenezaji waliofuata waliona ni nafuu kuvitenganisha, stata upande wake na jenereta upande wake, na hivyo ndivyo magari mengi yalivyokaa kwa karibu karne nzima. Henry Ford alichelewa. Gari lake la Model T lilianza kuuzwa na stata kwa wanaoitaka mwaka 1919. Gari la umeme lilipoteza moja ya sifa zake kubwa, petroli ikazidi kushuka bei, na kufikia miaka ya 1930 magari ya umeme yalikuwa yamekaribia kutoweka barabarani. Aliyelifungia njia alikuwa mhandisi wa umeme, kwa kutumia mota na betri.

Umeme ulirudi kwa mlango mwingine Desemba 1997, Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japan. Ndani yake stata ya peke yake haimo. Mota kubwa inayotumia betri ya volti nyingi huzungusha injini ya petroli hadi iwake, kisha hugeuka jenereta. Ni wazo la mwaka 1912, isipokuwa sasa linaongozwa na kompyuta.

Na kompyuta ndiyo chanzo cha kimya kile cha Tengeru. Gari la haibridi lina betri mbili. Ile kubwa ndiyo inayozungusha injini, lakini kwa usalama hufungiwa na swichi maalumu kila gari linapozimwa. Swichi hizo, pamoja na kompyuta zinazozifungua, hutumia umeme wa betri ndogo ya kawaida ya volti 12. Betri ndogo ikifa, betri kubwa hubaki imejaa chaji na haina wa kuifungulia mlango.

Betri hiyo ndogo huisha kwa sababu zilezile zinazoua betri za magari mengine: taa au redio iliyoachwa, gari kukaa wiki kadhaa bila kutembezwa, umri. Katika haibridi huongezeka mambo mawili. Funguo za kielektroniki zikiwekwa karibu sana na gari zinaweza kulifanya liendelee kuwasiliana nazo, na baadhi ya madereva hukaa wakisikiliza muziki gari likiwa limewashwa nusu, bila maandishi ya READY kuonekana kwenye dashibodi. Bila READY hakuna kinachochaji.

Kinachotakiwa ni kulipa gari hilo umeme wa volti 12 kutoka betri nzima. Magari mengi ya aina ya Prius yana sehemu ya kuunganishia chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi, hata kama betri yenyewe imewekwa nyuma kwenye buti. Waya mwekundu huunganishwa kwanza kwenye chanya za pande zote mbili. Mweusi hufungwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya pili kwenye chuma kitupu cha gari lililokufa. Baada ya dakika chache dereva hukanyaga breki na kubonyeza kitufe. READY ikitokea, waya huondolewa kwa mpangilio wa kinyume, na gari huachwa likiwa hivyo, gia ikiwa kwenye P, ili betri ndogo ijazwe.

Kugeuza chanya na hasi, kosa ambalo kwenye gari la zamani lingeunguza fyuzi moja au mbili, kwenye haibridi laweza kuharibu vifaa vya maelfu ya dola. Nyaya za rangi ya chungwa haziguswi na asiyesomea. Umeme wake unaua. Aidha, gari la haibridi halifai kutumika kuwashia lori la dizeli, kwa kuwa betri yake ndogo haikuundwa kutoa mkondo mkubwa kiasi hicho.

Iwapo betri ndogo ni nzima na gari bado halitoi READY, tatizo liko kwingine, na hapo hupimwa kwa kompyuta. Mojawapo ya visa vibaya ni dereva kuishiwa petroli na kuendelea kusogea kwa umeme hadi betri kubwa nayo ikauke. Hata akijaza tangi, mota inayopaswa kuzungusha injini haina nguvu tena, na chaja yake haipatikani kwa kila fundi.

Kettering aliuza Delco mwaka 1916 kwa kundi la kampuni ambalo baadaye liliingizwa ndani ya General Motors. Mwaka huohuo Delco ilikuwa imeanza kuuza mtambo mdogo wa petroli wenye betri kwa ajili ya taa za mashambani, mahali ambako nyaya za umeme hazikufika. Mwaka 1918, Vita ya Kwanza ya Dunia ikielekea mwisho, alisimamia utengenezaji wa ndege ndogo isiyo na rubani iliyokusudiwa kubeba bomu. Haikuwahi kutumika vitani.

Kuanzia 1920 hadi alipostaafu mwaka 1947 aliongoza utafiti wa General Motors. Hakufaulu kila alichogusa. Injini yake ya Chevrolet iliyopozwa kwa hewa kupitia mapezi ya shaba badala ya maji iliingia sokoni mwaka 1923 na ikashindwa vibaya, magari yakarudishwa kiwandani. Alitaka kuondoka; bosi wake, Alfred Sloan, akamzuia. Miaka kumi baadaye injini za dizeli zilizotoka chini ya usimamizi wake zilianza kuondoa treni za mvuke Marekani. Vichwa vya treni vya dizeli na umeme, ndugu wa mbali wa haibridi, vilikuja kuvuta mabehewa hata katika reli ya TAZARA.

Lakini jambo lililoifikia kila nyumba duniani lilikuwa jingine. Mfumo wake wa cheche ulikuwa umelaumiwa kwa kelele za injini kugonga. Kettering aliamini kosa lilikuwa kwenye mafuta, akamkabidhi uchunguzi msaidizi wake, Thomas Midgley. Desemba 9, 1921 Midgley alipata kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa madini ya risasi kiliinyamazisha injini.

Sumu ya risasi ilijulikana tangu zama za kale. Pombe ya nafaka nayo ilipunguza kugonga, na maabara ya Kettering ililijua hilo. Pombe haikuweza kumilikiwa kwa hataza. Petroli mpya ilianza kuuzwa Dayton Februari 1923, na jina la biashara lililochaguliwa, Ethyl, halikutaja risasi hata kidogo. Mwaka 1924 Kettering akawa rais wa kampuni iliyoundwa kuiuza.

Oktoba mwaka huo wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kuvuta mvuke wa dawa hiyo, baadhi yao wakiwa wamerukwa na akili na kufungwa kamba. Uuzaji ulisimamishwa mwaka 1925, kamati ikaundwa, na mwaka uliofuata petroli ya risasi ikarejea madukani. Iliendelea kuuzwa kwa miongo mingi, ikidhuru zaidi ubongo wa watoto.

Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwemo, ziliiondoa kufikia Januari 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao yake makuu Nairobi likatangaza mwisho wake mwezi uliofuata.

Risasi yenyewe haijaondoka. Imo ndani ya betri ileile ndogo ya volti 12 inayozima haibridi, na betri iliyokufa huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Katika makazi ya Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kiliwaachia wakazi, watoto wakiwa wa kwanza, risasi katika damu. Phyllis Omido, mama aliyegundua kuwa mwanawe ni mmoja wao, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015 kwa kampeni iliyofunga kiwanda hicho.

Kuhusu Kettering, ni vigumu kumwondolea lawama. Hakuwa karani aliyepitisha karatasi asizozisoma. Alikuwa mkuu wa maabara na rais wa kampuni. Pia alikuwa mtu aliyetoa mali yake kwa elimu na tiba. Mwaka 1945 yeye na Sloan walianzisha New York taasisi ya utafiti wa saratani inayobeba majina yao, Sloan-Kettering. Mwaka uliofuata mkewe Olive alifariki kwa saratani.

Charles Kettering alifariki Dayton Novemba 25, 1958, akiwa na miaka 82 na hataza 186. Alizikwa mjini humo katika makaburi ya Woodland. Mji wa jirani ulikuwa umekwishapewa jina lake angali hai.

Wakati anazikwa, magari mengi yaliyokuwa yakipita barabara ya Moshi kwenda Arusha yalikuwa bado na tundu la hendeli chini ya rejeta, ingawa yalikuwa na stata. Waliyatengeneza hivyo kwa ajili ya siku betri itakapokufa. Haibridi ya leo haina tundu hilo, na mwenye gari la aina hiyo Tengeru hulazimika kutembea na waya mbili ndani ya buti. Akumbuke tu kwamba betri ikifa kabisa, hata buti la baadhi yao halifunguki kwa kitufe. Hufunguliwa kutokea ndani, kwa mkono.